Wingu Limeanguka

Habari ya kwanza asubuhi, kabla chai haijapoa:
kampuni fulani imezindua mapinduzi.
Ya pili: kampuni ileile inaomba radhi
kwa mapinduzi ya juzi.
Nageuza mkate, upande wa pili umeungua.
Siku hizi mapinduzi hayamwagi damu,
yanamaliza betri.

Mimi ni fundi lifti hapa Łódź, mwaka wa thelathini na moja.
Jina la jiji letu maana yake mashua,
na mto wake walishaufukia chini ya lami
enzi za viwanda vya nguo.
Kwa hiyo jina kubwa kuliko kitu
halitushtui.

Lakini Gniewko, mpangaji wa chini,
kijana asiyemaliza sentensi bila "suluhisho",
alimshawishi Bi Bogumiła wa ghorofa ya tatu
ang'oe kitasa alichokiweka marehemu mumewe,
atie kufuli lenye akili.
"Hutabeba tena ufunguo, bibi."
Kweli, ufunguo aliuacha.
Akabeba simu, chaja ya simu, nywila ya simu,
na karatasi ya nywila ndani ya sidiria,
maana nywila ilitaka herufi kubwa, tarakimu,
alama isiyotamkika,
na isifanane na ile aliyoisahau.
Ufunguo wa zamani ulikuwa na meno matatu,
ukauma miaka arobaini bila kusasishwa.

Masharti yalikuwa kurasa tisini na nne.
Alisoma mbili, akasinzia, akazinduka, akabonyeza "Nakubali",
kama tulivyobonyeza sote,
sisi tunaokagua kabichi sokoni jani kwa jani.

Jumanne ya theluji, wingu likaanguka.
Ndivyo zilivyosema habari: wingu limeanguka,
mafundi wanalishughulikia.
Nikachungulia dirishani. Mawingu ya kwetu
yalikuwa yote mahali pake, mazito, ya kijivu,
hayana habari.
Dalili ya mvua ni mawingu, walisema waliotangulia.
Hawakusema ni dalili ya kulala nje.

Bi Bogumiła yuko ngazini, kabichi kwapani,
anaongea na mlango.
Mlango unamjibu kwa sauti ya binti mpole
anayejua kila kitu isipokuwa kufunguka:
"Samahani, sijakuelewa. Ungependa kusikia muziki?"
Halafu: "Thibitisha kwamba wewe si roboti.
Chagua picha zote zenye ngazi."
Naye amekaa juu ya ngazi.
Akachagua zote. Akakosa moja.

Nikaitwa mimi, fundi wa vitu vijinga.
Bisibisi moja, dakika nne, tusi moja la Kipolandi
lisilotafsirika mbele ya wakwe.
Mlango ukaachia.
Papo hapo simu ikalia kwa furaha:
"Hongera! Umeingia nyumbani. Utatupa nyota ngapi?"
Bibi akaivuta miwani puani, akatafuta, akatafuta.
"Sifuri hakuna," akasema. "Wanaanzia moja."

Jioni Gniewko akapanda, uso umemshuka,
na habari mkononi:
kampuni imenunuliwa na kampuni,
huduma inakoma mwisho wa mwezi,
na kufuli, kwa shukrani zao za dhati,
litabaki kuwa pambo.
Mimi nilikuwa nimepiga magoti
nakirudisha kitasa cha marehemu,
kilichokuwa kikingoja kwenye droo
pamoja na vifungo vya koti na kipande cha mshumaa.
Bibi alikuwa anakata kabichi. Hakugeuka.

Sikumwambia kijana "nilikuonya".
Kwanza, sikumwonya.
Pili, kwangu nina jokofu
linalonishauri kuhusu siagi,
nami nalilipa kila mwezi
ili linyamaze.